Forodhani wakati wa magharibi: tuachieni mita moja na nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme jambo kuhusu Forodhani, bustani yetu ya ufukweni hapa Mji Mkongwe, Unguja, tena si Forodhani ya kutwa nzima. Nazungumzia muda mfupi tu, kuanzia jua linapoinama hadi giza linaposhika.

Mama yangu alipatwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita. Upande wa kushoto haujarudi sawasawa na sasa anatembelea kiti mwendo. Alipokuwa mzima ilikuwa ada yake kila Alhamisi jioni kwenda pale kupunga upepo. Hakuwa na haja ya kununua kitu kikubwa. Akikaa ukutani, akawatazama vijana wakipiga makachu, yaani wakijirusha baharini kutoka ukutani, akanywa bilauri moja ya juisi ya miwa iliyotiwa ndimu na tangawizi, adhana ya magharibi ikiita akajinyanyua akaenda zake. Baada ya kutoka hospitali, kitu cha kwanza alichoniomba ambacho hakikuwa dawa wala chakula kilikuwa hicho: nimpeleke pwani.

Niseme haki. Bustani ile si mbaya. Ilipokarabatiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa tena Julai 2009, ukuta wa bahari ulitengenezwa upya, njia zikasakafiwa na taa zikawekwa. Tukifika saa 10 alasiri nakisukuma kiti kwa mkono mmoja na mkono wa pili nimeshika mwavuli. Kinachotushinda sisi ni magharibi.

Hapa kwetu, nyuzi 6 kusini mwa ikweta, jua halina mchezo. Mwaka mzima huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo, na likishatumbukia, mwanga unaobaki ni wa dakika 20 na kidogo. Wenzetu wa Ulaya wakati wa kiangazi wana magharibi ndefu, mtu anaweza kuchelewa na bado akaikuta. Ya kwetu ukichelewa imekwisha. Na kwa kuwa Mji Mkongwe umeelekea machweo, watu wote, wenyeji na wageni, wanakuja kwa ajili ya dakika hizo hizo.

Basi ndizo dakika njia inapozibika. Meza za wauza vyakula zinapangwa, majiko ya mkaa yanawashwa, ndoo za maji zinatuliwa, waya wa taa unatambaa chini kutoka meza hii hadi ile, vespa inaegeshwa "dakika moja tu". Hakuna aliyekusudia ubaya. Kila mmoja amechukua nusu mita, na nusu mita zikikusanyika, kiti hakipiti. Mwenye miguu yake anainua mguu, anageuka ubavu, anapita, wala hajui kama palikuwa na kizuizi.

Alhamisi moja tulinasa baina ya meza ya pweza na vespa isiyo na mwenyewe. Mbele hakupitiki, nyuma watu wameshajaa. Kijana wa pweza, muungwana kweli, aliacha kisu chake akaita wenzake, wakambeba mama juu juu pamoja na kiti chake, watu wanne, huku wageni wakipiga picha. Niliwashukuru. Mama hakusema neno mpaka tumefika nyumbani, ndipo akaniambia: "Mimi si gunia la mchele, mwanangu."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiangalia nani wengine hawapo pale jioni, na nimegundua kwamba suala si viti mwendo peke yake. Chukua watu wenye ualbino. Jua la mchana linaunguza ngozi zao na mwanga mkali unawaumiza macho, kwa hiyo jioni ndiyo saa yao hasa ya kutoka bila kofia pana na mikono mirefu. Lakini wengi wao wana uoni hafifu, na ukingo wa ngazi wenye rangi moja na sakafu hawauoni mwanga unapopungua. Mstari mweupe wa rangi kwenye ukingo unatosha. Kopo moja la rangi na mchana mmoja wa kazi!

Au viziwi. Mimi sikuwahi kulifikiria hili mpaka jirani yetu mmoja aliponieleza kwa kuniandikia kwenye simu: wao huzungumza kwa mikono na uso, kwa hiyo taa ikikosekana mazungumzo yamekatika. Sisi tunaosikia tunaona giza la ufukweni lina raha yake, tunaendelea kupiga soga. Kwao ni kama mtu amewaziba midomo. Wakikutana jioni wanajikusanya chini ya taa za majiko, kwenye moshi, kwa sababu mabenchi mazuri yako gizani.

Kwa asiyeona mambo ni mengine tena. Ukuta wa bahari ni msaada mkubwa kwake. Mawimbi yanamwambia bahari iko upande gani, na fimbo nyeupe ikifuata ukingo wa njia anakwenda bila kushikwa mkono. Ndoo iliyowekwa kwenye ukingo huo inamvuruga kabisa. Sembuse karai la mafuta ya moto.

Wazee sitawasemea sana, maana kila nyumba inao. Magoti yao yanataka benchi lenye egemeo na mahali pa kushika wakati wa kuinuka. Ukuta hauna egemeo.

Nikiwa pale huwa naitazama Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la masultani, ng'ambo ya barabara, tuliyoikosa sehemu yake ilipoporomoka Disemba 2020. Jengo la 1883, na tumekuwa tukijisifu miaka yote kwamba ndilo la mwanzo Afrika Mashariki kuwa na lifti. Yaani mji huu ulishajua kumpandisha mtu ghorofani bila kutumia miguu yake zamani hizo. Leo kumpitisha mama yangu kando ya meza ya mishikaki kumetushinda?

Ninachoomba ni kidogo, na sehemu kubwa haihitaji saruji. Kiti mwendo cha kawaida kina upana wa kiasi cha sentimita 65 hadi 70, lakini ili kigeuke kinataka duara la mita 1.5. Basi ichorwe njia moja ya mita 1.5, kutoka barabarani hadi ukutani na kando ya ukuta, kwa rangi inayoonekana, na kuanzia saa 11 na nusu jioni hadi saa 2 usiku isiwekwe kitu juu yake. Wauza vyakula wenyewe washirikishwe kuichora. Wao ndio wanaoijua bustani ile usiku kuliko ofisi yoyote, na kijana wa pweza ameniambia atakuwa wa kwanza kusogeza meza iwapo na wenzake watasogeza. Taa ziwashwe kabla jua halijazama, si baada ya watu kuanza kujikwaa. Na popote penye ngazi patiwe mteremko wa kweli: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Ngazi ya sentimita 15 inataka mteremko wa mita 1 na sentimita 80. Ubao uliolazwa kwa haraka huwa mkali mno, na kiti kinarudi nyuma na mtu wake.

La choo nalitaja kwa haya, lakini nalitaja. Mlango ambao kiti hakiingii unamfanya mama akatae kunywa maji tangu adhuhuri siku ya kutoka. Daktari anamwambia anywe, yeye ananiangalia tu.

Sheria hatuna upungufu nayo. Zanzibar ilitunga sheria ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na mwaka 2009 Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki hizo hizo, ambao ibara yake ya 30 inataja mapumziko na burudani waziwazi. Kupunga upepo kumo humo.

Jana mama ameniuliza kama Alhamisi hii tutakwenda. Nimemwambia ndiyo, ila tutoke nyumbani saa 9 na nusu, na saa 11 tuwe tumeshaanza kurudi, kabla meza hazijapangwa. Akauliza, "Na jua je?" Nikajitia sikusikia.

Msomaji wako,
Mkunazini, Unguja