Shukrani kwa mzee wa kofia ya sufi, Mto Thego

Jumamosi iliyopita pale Mto Thego, chini ya Mlima Kenya, nzi wangu watatu wa bandia, yaani chambo cha uzi na unyoya kwenye ndoano, niliowafunga kwa mkono wangu, walifumuka majini kabla trauti hata mmoja hajawagusa. Mzee mmoja akaniita: "Kijana wangu, lete ndoano tupu."

Akaibana kwenye jiliwa dogo, kibanio cha kushikilia kazi, pale ndoano inapopinda, mgongo wake ukalala sawa. Mimi huanza na fundo. Yeye hakufunga fundo lolote. Aliuweka uzi nyuma kidogo ya tundu la ndoano, pale mshipi unapopita, akazungusha kurudi nyuma mara tano sita, kila mzunguko ukiukanyaga mkia wa uzi wenyewe, kisha akaukata mkia. "Vuta." Nikavuta. Haukuteleza! Karibu na tundu akaniachisha nafasi ya kichwa cha nzi. Unyoya akaubana kwa gumba na kidole cha shahada, akapitisha uzi katikati ya vidole, akavuta chini wima. Hapo ndipo nilipokosea miaka miwili: nilivuta pembeni, unyoya ukizunguka.

Alinifumulia kazi mara nne bila kununa, chai yake ikapoa. Jina sikuuliza, aibu yangu. Mzee wangu, asante sana. Nanyi wenye jiliwa, mkimwona mtu anahangaika mtoni, mwiteni.