Risala ya Kikundi cha Wanaoacha Pombe kwa Mgeni Rasmi, Mganga Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa dini na serikali ya mtaa,
Wazazi, wake, waume na watoto wetu,
Ndugu wanakikundi,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika mkutano wetu wa wazi. Siku nyingine zote tunakutana wenyewe kwa wenyewe, maana yanayosemwa humu hayatoki nje. Leo tumefungua mlango ili wewe na familia zetu mjionee tunachofanya.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunafuata utaratibu wa Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajwa majina, wengi wanauita AA. Ulianzia Akron, jimbo la Ohio nchini Marekani, mwaka 1935. Bill Wilson, dalali wa hisa, alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu na alihofia kuirudia akiwa ugenini. Akatafuta mlevi mwingine wa kuzungumza naye, akaelekezwa kwa daktari wa upasuaji aitwaye Bob Smith, ambaye bado alikuwa anakunywa. Mazungumzo yao yaliwasaidia wote wawili. Kazi yetu hadi leo ni hiyo: mmoja anasimulia, wengine tunasikiliza bila kumkatiza wala kumhukumu. Sharti la kujiunga ni moja tu, nia ya kuacha kunywa. Hakuna fomu wala kiingilio, na hatumuulizi mtu dini wala kazi yake.

Wapo wanaodhani haya ni maneno matupu. Mwaka 2020 watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walipitia tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Waliona kwamba mgonjwa anayeelekezwa na kuhimizwa kwa mpango maalumu kuhudhuria AA ana nafasi kubwa zaidi ya kukaa bila pombe kabisa kuliko anayepewa tiba nyingine zinazotumika sana.

Kazi ngumu ni kufika. Mtu anayekuja mara ya kwanza tunamfahamu kabla hajaingia: anapita mbele ya geti, anarudi, anajifanya anaongea na simu. Kwa hiyo kila mkutano mwenzetu mmoja anakaa nje. Hamuulizi jina, anamwambia tu, "Karibu, chai ipo." Kiti cha karibu na mlango tunamwachia yeye, ili akitaka kuondoka aondoke bila kupita mbele za watu. Kikombe chake tunakijaza nusu, kwa sababu mikono yake siku hiyo inatetemeka na hatutaki amwagikiwe mbele ya wageni. Halazimishwi kusema neno. Na aliyeteleza akarudi kunywa, siku akirejea anapewa chai ileile na kiti kilekile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viroba, ile pombe kali ya vifuko vya plastiki, vilipopigwa marufuku nchini mwaka 2017 tulishukuru, lakini baadhi yetu tulihamia kwenye gongo na chupa ndogo. Marufuku ilipunguza urahisi wa kuipata, kiu ikabaki.

Tuna changamoto tatu. Ya kwanza ni ya uhai. Mtu aliyezoea kunywa kutwa kucha akikata ghafla nyumbani anaweza kupata degedege, na ndani ya siku mbili tatu akaanza kuona na kusikia visivyokuwepo. Familia inadhani amerogwa, anapelekwa kwa mganga wa kienyeji, na hali hiyo inaua. Sisi si matabibu. Wa namna hiyo tunampeleka hospitali kwanza, mkutano baadaye.

Ya pili ni akina mama. Wanakuja wachache mno, na sababu tunaijua: mwanamume akilewa anasemwa siku moja, mwanamke anasemwa maisha yake yote na watoto wake wanasemwa pia. Mikutano yetu ni ya jioni, saa ambayo mama yuko jikoni, na akiaga lazima aeleze anakwenda wapi. Dada zetu waliopo hapa wako tayari kuanzisha mkutano wao wa mchana.

Ya tatu, watu hawajui tupo. Wenzetu wa Kenya wana namba ya bure, 1192, ya NACADA, mamlaka yao ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ambayo mtu anapiga akaelekezwa. Hapa kwetu wengi wanatufikia kwa kunong'onezwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, imezoeleka risala kumwomba mgeni rasmi fedha. Sisi hatutaomba. Utaratibu wetu ni kujitegemea: kikapu kinazunguka, kila mwanakikundi anaweka alichonacho, na mchango wa nje hatupokei. Tunaomba mambo mengine. Mgonjwa wa pombe anapokaribia kuruhusiwa wodini, naye akakubali, muuguzi atupigie simu kabla hajavuka geti, nasi tutakuja hadi kitandani kwake. Karatasi yenye anwani pekee haitoshi, wengi wanaiacha njiani. Tunaomba pia akina mama wakodishwe chumba kimoja cha kituo cha afya mchana mmoja kwa wiki, mahali ambapo anayeingia ataonekana amekwenda kliniki kama mama mwingine yeyote. Na siku na saa za mikutano yetu zibandikwe kwenye mbao za matangazo za zahanati zote.

Tunawaomba wapiga picha wasichukue sura za wanakikundi, maana tunalinda siri ya kila mmoja. Kwa sababu hiyohiyo risala hii haina jina la mwandishi wala la msomaji.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi