Mpishi wa shule naye aambiwe nani asile karanga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi, walimu na wapishi wenzangu wa shule za hapa Mwanza. Mimi napika uji na makande katika shule ya msingi huku Nyasaka, Ilemela. Darasa la pili tunaye binti mwenye mzio wa karanga. Akila karanga, hata ile iliyosagwa ikapotelea ndani ya uji, midomo inamvimba, mwili unatoka vipele vya kuwasha, anatapika, kifua kinambana. Huanza ndani ya dakika chache, na ni nadra kuchelewa zaidi ya saa mbili.

Habari hizi sikuzipata ofisini. Mama yake, anayeuza samaki pale Mwaloni, alimweleza mwalimu siku ya kuandikisha, ikaandikwa kwenye faili, faili likarudi kabatini. Yeye hakuridhika. Akaja mpaka jikoni kamshika mtoto mkono, akaniambia, "Shikamoo mama. Nimemleta mwanangu umjue sura." Nilimuuliza kwa nini amehangaika hivyo. Akasema shule waliyotoka mpishi hakuwa ameambiwa lolote, mtoto akapewa uji wa lishe kama wenzake, akaishia zahanati anakoroma kwa kukosa pumzi. Na kabla ya kumpeleka walimnywesha maziwa kwanza, kama mtu aliyekunywa sumu.

Ndiyo maana naandika. Anayeshika upawa saa nne asubuhi ni mpishi. Mwalimu mkuu anaweza kuwa kwenye kikao mjini, mwalimu wa darasa anaweza kuwa likizo ya uzazi. Taarifa isiyofika jikoni haimlindi mtoto.

Kashata kila mtu anaiona na kuitambua. Shida ni karanga isiyoonekana: mchicha na kisamvu vilivyoungwa, na zaidi ya vyote unga wa lishe. Hapa niruhusu nieleze jambo la mashine, kwa sababu hata walimu wetu walishangaa. Mashine nyingi za mtaani zinasaga chochote kinacholetwa: mahindi, muhogo mkavu, ulezi, na lishe yenye karanga na soya. Mtu akimaliza kusaga lishe, unga wake unabaki kwenye kinu, kwenye chekeche, na kwenye ule mfuko wa kitambaa unaopokea unga. Wewe unayefuata na mahindi yako matupu unaondoka na karanga za mwenzio. Kutanguliza mahindi kidogo ya kusafishia kunapunguza tu, hakumalizi. Wala usitegemee kwamba moto wa jikoni utaondoa hatari. Karanga ya kukaanga na ya kuchemsha zote zinaweza kumdhuru mtoto wa namna hii. Tulichofanya sisi ni kuhamia kwa msagaji anayesaga sembe na dona peke yake. Ni mbali kidogo, gunia linakwenda kwa baiskeli, lakini sasa najua ninachokoroga.

Wapo wazazi waliolalamika. Walisema mtoto mmoja asiwakoseshe karanga watoto mia, tena karanga ndiyo nguvu ya uji. Nawaelewa, mimi mwenyewe ni Msukuma, nimekuzwa kwa michembe na karanga. Lakini tuko kando ya ziwa! Dagaa wakavu wana protini nyingi kuliko karanga, na sisi sasa tunawatia kwenye mboga ya mchana, uji tunautia maziwa pesa ikiruhusu. Hakuna mtoto aliyekonda. Karanga waendelee kula nyumbani kwao.

Jambo lingine nalisema kwa uchungu. Nimesikia kwamba kuna mahali mtoto mwenye mzio hukalishwa peke yake chini ya mti wakati wenzake wanakula. Asitengwe. Harufu ya karanga, au kukaa jirani na aliyeila, kwa kawaida si kinachomletea mtoto hali ya kutisha. Hatari iko kwenye kula, na kwenye mikono inayokwenda mdomoni. Kwa hiyo watoto wote wanawe kwa kibuyu chirizi na sabuni, kabla na baada ya kula. Sabuni ni lazima, maana maji matupu hayaondoi mabaki ya karanga vizuri. Kikombe chake kina alama nyekundu, namhudumia wa kwanza kabla upawa haujagusa kingine, na anakaa kwenye benchi na rafiki zake. Akina mama wanaouza kashata getini nao nimewaonyesha sura yake. Wamenielewa upesi kuliko baadhi ya watu wa ofisini.

Sasa, ikitokea amekula. Daktari wake alitupa karatasi, tumeibandika ukutani jikoni na nyingine ofisini. Dawa inayookoa ni sindano ya adrenalini, inachomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje, mapema iwezekanavyo, kwa kipimo cha uzito wake. Vidonge vya mzio vinapunguza kuwasha, havifungui njia ya hewa, basi tusikae tukisubiri vifanye kazi. Alazwe chali miguu ikiinuliwa. Kama pumzi inambana aachwe akae. Kama anatapika alazwe ubavu. Asisimamishwe, asitembezwe. Bodaboda, ambayo ndiyo tunaikimbilia sote, inamkalisha wima, na mtoto ambaye presha imeshuka anaweza kuzimia na kufa kwa kuinuliwa tu. Tafuteni bajaji au gari alale. Na hata akipata nafuu aende hospitali aangaliwe, kwa sababu hali hiyo inaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Zile sindano zilizojazwa dozi tayari, ambazo wazazi wa Ulaya hutembea nazo kwenye mikoba, mama yake amezitafuta kwenye maduka ya dawa mjini hakuzipata. Adrenalini ya kichupa ipo, ni dawa ya zamani na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mwalimu wetu wa afya alikwenda mwenyewe zahanati ya jirani kuuliza kama wanayo na nani anajua kuichoma usiku na mchana. Kila shule ifanye hivyo kabla ya siku ya hatari.

Akina mama wenye watoto wachanga msije mkatishika kwa barua hii mkawanyima karanga. Muuguzi wa kliniki alinieleza kuhusu utafiti wa London uliotangazwa mwaka 2015: wachanga waliokuwa hatarini, wakaanza kulishwa karanga wakiwa na miezi 4 hadi 11, walipofikisha miaka 5 mzio ulikuwa umepungua kwao kwa takriban asilimia 80 ukilinganisha na walionyimwa. Iwe imesagwa laini, isiwe punje, wasije wakapaliwa. Aliye na pumu ya ngozi kali aonwe na daktari kwanza.

Wakaguzi wanapokuja jikoni kwangu wanaomba cheti cha kupima afya, wanatazama maji, wanatazama choo. Hawajawahi kuniuliza ni mtoto gani asile nini. Naomba swali hilo liingizwe kwenye karatasi yao ya ukaguzi, na fomu ya kuandikisha darasa la kwanza iwe na nakala ya mpishi, kabla shule hazijafunguliwa Januari.

Mpishi wa shule,
Nyasaka, Mwanza