Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wetu: cheti cha kuhara nikitoe wapi?

Kwako Afisa Elimu,

Shikamoo. Kama mimi ndiye mkubwa nisamehe, maana sijakuona kwa karibu. Nilikuona mara moja tu, mwezi wa kwanza, kwenye kikao cha wazazi, miye nimekaa nyuma dirishani. Siku hiyo ulisema maneno matamu. Ulisema mtoto akiumwa mzazi ampigie mwalimu simu, yaishe. Tulipiga makofi. Nilipiga kwa nguvu kuliko jirani yangu, kwa kuwa nina mtoto darasa la kwanza.

Sasa sikiliza yaliyonifika wiki hii.

Usiku wa kuamkia Jumatatu mwanangu alitapika na kuhara. Nilifanya kama manesi walivyotufundisha kliniki: pakiti ya chumvichumvi, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, nikamnywesha kidogokidogo mpaka adhana ya alfajiri. Kulipokucha nikanunua zinki duka la dawa, na mpaka leo anameza, kwa kuwa dozi ni siku kumi. Choo hakikuwa na damu, macho hayakuzama, kunywa anakunywa. Dalili za kukimbilia hospitali nazijua, na ningeiona hata moja nisingengoja kupambazuke. Nikampigia mwalimu. Akanijibu, "Sawa mama, apumzike." Jumatano mtoto mzima, anagombania mpira uani. Alhamisi nikampeleka shule.

Getini akazuiwa mpaka alete cheti cha daktari.

Nikamshika mkono mtoto mzima, tukapanda bajaji kwenda zahanati kutafuta ugonjwa ulioondoka juzi. Tulikaa benchini tangu saa mbili mpaka saa saba. Miye nauza vitumbua, Afisa. Mchele nilishausaga, hamira imo, na siku hiyo wote ulichacha kwenye ndoo nikiwa kwenye foleni. Nilimwaga.

Zamu yetu ikafika. "Ana nini mtoto?" Nikasema hana kitu, nataka cheti. Daktari wa watu akanitazama, akaniambia kwa upole kwamba hawezi kuandika ugonjwa ambao hakuuona. Aandike nini, kwamba mama yake kasema? Hilo si hata miye naweza kumwandikia mwalimu, bila nauli? Akampima, akaandika kwenye daftari kuwa mtoto hana tatizo. Nikalipa. Shuleni wakalikataa daftari: halisemi kama Jumatatu alikuwa anaumwa!

Najua mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bure, na tunashukuru. Wangu ana sita. Yaani msamaha unaisha, shule inaanza, halafu shule hiyohiyo inamrudisha benchini kwa hela yangu. Tangu 2016 tunaambiwa elimu ya msingi haina ada, na kweli ya ada sijadaiwa. Hii ya cheti tuiite nini?

Wenzangu wanasema cheti kinadaiwa kwa sababu ya utoro. Labda mnadaiwa takwimu na wakubwa zenu, sijui. Labda ni kwa ajili ya wale wanaowatuma watoto kuuza karanga stendi halafu wanasingizia malaria. Wapo, sikudanganyi, mtaani kwangu nawajua wawili. Lakini hao ndio hawakosi cheti, kwa kuwa wana jamaa wa kuwagongea muhuri. Anayekwama ni sisi tunaosema kweli.

Na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtu yeyote kumnyima mtoto elimu. Nilidhani imeandikwa kwa ajili yetu wazazi wakaidi. Alhamisi pale getini aliyemnyima alikuwa nani?

Lililonitoa machozi ni hili. Pale benchini mwanangu alibanwa katikati ya watoto wawili wanaokohoa. Ijumaa ilipita yuko nyumbani kwa sababu ya karatasi. Leo Jumamosi naye anakohoa. Siwezi kuapa kwamba kakitoa pale, lakini nyumbani kwangu hakuna mwenye kikohozi. Alizuiwa akiwa mzima, sasa anaumwa kweli. Hiki nacho nikitafutie cheti? Nimrudishe benchini akaokote kingine?

Nilitaka kukuomba uandike waraka kwa shule zote, kwamba kwa siku tatu za mwanzo neno la mzazi litoshe, cheti kidaiwe mtoto akizidisha. Nilitaka kukuomba pia uje ukae nasi benchini siku moja, tangu saa mbili. Nilitaka na hela ya mchele wangu, Mungu anisamehe. Lakini najua nyaraka zinachukua muda, na wewe una kazi nyingi.

Basi fanya moja tu. Mpigie simu mwalimu mkuu wetu, umkumbushe ulichokisema mwezi wa kwanza. Simu moja, kama ile uliyotuagiza sisi tupige.

Kikohozi kikipoa, Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa getini na mtoto. Karatasi sitakuwa nayo.

Ni miye,
Mama muuza vitumbua,
Ngamiani, Tanga