Malalamiko: foki inayovuja na breki iliyopakwa oili

Kwa Meneja,
Idara ya Ufundi,
Mombasa.

Bwana Meneja,

MINT: FOKI INAYOVUJA NA BREKI ILIYOPAKWA OILI

Salamu. Naandika kwa heshima, na naomba barua hii isomwe hadi mwisho, kwani nimejizuia mno.

Jumamosi asubuhi, mbele ya kaunta yenu, nilimwonyesha fundi tone la oili kwenye bolti ya chini ya mguu wa kushoto wa foki (uma wa mbele wenye springi) ya baiskeli yangu mliyoihudumia, likielekea disiki ya breki. Akachukua kitambaa alichokuwa akifutia mnyororo, akafuta bolti, kisha kwa kitambaa kilekile akafuta disiki pande zote mbili. "Mama, ishakauka. Panda wende."

Shilingi 6,500 nililipa ili miguu ya chini ivuliwe na kuoshwa, sponji za duara zilizo chini ya sili za vumbi (mipira inayozuia vumbi kuingia) ziloweshwe oili, na kila mguu utiwe oili mpya mililita 10 kama mwongozo wa foki hiyo unavyotaka. Jumapili nimeifungua mwenyewe. Sponji ni kavu kabisa. Mguu wa kulia umetoa oili nyeusi isiyojaza kijiko cha chai. Wa kushoto, unyevu tu. Wosha za bolti za chini, ambazo hubonyea mara moja zikatupwa, zimerudishwa zilezile kuukuu, ndiyo maana inavuja. Na juu ya sili mmepaka grisi nzito ya bearingi za pikipiki! Grisi hiyo hushika mchanga, mchanga huchubua nguzo (mirija inayoteleza ndani ya miguu), na nguzo ikishachubuka, kwa chumvi hii ya bahari, huzidi kuliwa na hakuna sili itakayoziba.

Hewa nayo, ambayo ndiyo springi ya foki hii, ilijazwa kwa kompresa ya magari. Chemba ya foki ni ndogo. Pumzi moja ya kompresa hurusha presha kupita kiasi, na ndiyo sababu kuna pampu yake yenye geji. Foki hii ina mwendo wa kushuka wa mm 120. Nikiikalia na mkoba mgongoni yafaa ishuke mm 24 hivi, asilimia 20. Oringi, pete ya mpira ya kupimia iliyo kwenye nguzo, ilisogea mm 6. Hiyo ilikuwa Alhamisi, siku ya kuichukua, nikaambiwa "itazoea". Springi ya hewa haizoei, Bwana Meneja, hupunguzwa hewa.

Narudi kwa kile kitambaa. Wateja watatu walikuwa wamesimama. Nilisema kwa sauti ya chini, "Kaka, disiki haiguswi na oili." Akanitazama, akakikunja kitambaa upande mweusi zaidi, akafuta disiki mara ya pili, taratibu, kisha akazungusha gurudumu huku akibana breki hadi oili ikaenea kwenye pedi. "Mama, baiskeli ni baiskeli." Wakacheka. Pedi zangu ni za resini; zikishanyonya oili hakuna msasa utakaozirudisha. Breki ya mbele sasa inapiga kelele na haishiki. Mtu akishuka nayo Shimba Hills anavunjika shingo.

Nilipokuja Jumamosi nilitaka kazi irudiwe tu. Sasa nataka 6,500 zangu zote, kwa sharti la dhamana lililo nyuma ya risiti yenu. Nataka pia sili mpya za vumbi, wosha mpya na pedi mpya za mbele, na disiki isafishwe kwa spiriti, kwa mkono wa fundi mwingine, nami nikiwa nimesimama pale. Na yule fundi aniombe radhi kwenye kaunta ileile, kwa sauti ileile.

Nawapa siku 7. Zikipita, nakwenda Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa, chini ya Sheria ya Kuwalinda Wateja ya 2012, na huko nitadai pia bei ya nguzo. Oili niliyoitoa iko kwenye chupa, wosha kuukuu ziko kwenye bahasha, na picha za sponji ninazo.

Mteja wenu,
Kisauni.