Sisilia kwa gari: faini ya ZTL na namna ya kuikwepa

Barua ya faini humkuta mteja wetu wa safari ameshasahau kama aliwahi kwenda Italia. Alikodi gari uwanja wa ndege wa Catania, kisiwani Sisilia, akakaa Siracusa, akazunguka Noto na Modica, akarudi nyumbani. Miezi inapita, kisha kadi yake inakatwa ada ya kampuni ya kukodisha kwa kuwapa polisi jina na anwani yake. Faini yenyewe hufuata nyuma, kwani kwa mtu anayeishi nje ya Italia mamlaka zina siku 360 za kumfikishia. Mara nyingi kosa ni lile lile: aliingia ZTL.

ZTL ni sehemu ya mji, kwa kawaida mji wa kale, ambamo gari lisilo na kibali haliruhusiwi kupita, ama muda wote ama kwa saa maalumu. Hutaona geti wala askari. Kuna kibao chenye duara jekundu na kamera inayosoma namba za gari. Kwingine kuna ubao wa taa, na hapo ndipo wageni wanaponaswa: wanasoma "varco attivo" wakadhani njia iko wazi, kumbe ubao unasema kamera inafanya kazi, usipite. Inayokuruhusu ni "varco non attivo". Ramani ya simu nayo usiiamini sana, maana inaweza kukupitisha humo humo bila onyo. Ukiingia leo na ukarudia kesho, hayo ni makosa mawili.

Kwa hiyo ushauri wetu ni mmoja: gari ni la kutoka mji hadi mji. Ukifika, liache nje, tembea.

Siracusa ndiyo mfano mzuri. Mji wa kale uko kwenye kisiwa kidogo cha Ortigia, kilichounganishwa na bara kwa madaraja mafupi, na vichochoro vyake vitamkumbusha Mji Mkongwe yeyote aliyewahi kubanwa na gari pale. Egesha kwenye maegesho ya Talete, pembezoni mwa kisiwa, uingie kwa miguu. Kama hoteli yako iko ndani ya ZTL, iulize mapema kama inaweza kuandikisha namba ya gari lako. Sisi huwauliza kwa maandishi kabla mteja hajasafiri, ili jibu liwe na ushahidi.

Ukishaachana na usukani, nenda kwanza kanisa kuu. Lilijengwa ndani ya hekalu la Athena la karne ya 5 KK. Pita ubavuni, upande wa Via Minerva: nguzo nene za Kigiriki zimetokeza ukutani, na mawe ya kuzibia nafasi kati yake yanaonekana wazi. Waarabu walipouteka mji mwaka 878, jengo hilo hilo likawa msikiti. Wengi hukimbilia ufukweni kwanza. Kwa maoni yetu wanakosea, bahari haiendi popote.

Noto iko kilomita zisizozidi 40 kusini-magharibi mwa Siracusa, na barabara kuu hailipishwi. Tetemeko la Januari 1693 liliangusha mji wa zamani, wakaamua kujenga upya mahali pengine, kilomita kadhaa kutoka pale. Ndiyo maana Noto ni mji wa mtindo mmoja, wa mawe ya rangi ya asali. Kaa hadi jioni, jua linapoyapiga. Kwenye Via Nicolaci inua macho uone roshani za jumba la kifahari, zilizobebwa na simba, farasi na vinyago vya kuchonga.

Modica na Ragusa Ibla ziko mbele zaidi, nazo zimejaa ngazi na miinuko. Modica ina chokoleti inayosagwa kwa joto dogo hata sukari isiyeyuke. Ukitafuna inakwaruza kama mchanga mtamu. Si kila mtu anaipenda. Miji hii miwili inatosha siku nzima. Anayeongeza na Noto siku hiyo hiyo atakumbuka maegesho tu. Na mchana, kuanzia kama saa saba, maduka mengi na baadhi ya makanisa hufungwa kwa saa kadhaa, kwa hiyo wahi asubuhi.

Kuhusu maegesho: mistari myeupe ni bure, ya buluu unalipia, ya njano ni ya wenye vibali. Waitalia huendesha kulia, kwa hiyo kwenye kipilefti unazunguka kinyume na ulivyozoea. Siku ya kwanza usiendeshe usiku. Magari mengi ya kukodi ni ya klachi. Ukitaka otomatiki, tuambie mapema, na bei yake huwa juu.

Kabla ya kuondoka, chukua leseni ya kimataifa, kwani hutolewa katika nchi iliyokupa leseni ya kawaida. Hakikisha pia una kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe kwa ajili ya dhamana. Kadi ya mume au mke mara nyingi hukataliwa kaunta. Ukituandikia kuomba bei, taja tarehe, idadi ya abiria na mabegi, na kama unataka kulala ndani ya Ortigia au nje yake. Hilo la mwisho ndilo linaloamua gari litalala wapi.