Tunasoma tukikimbizwa na bando

Ndugu Mhariri,

Kanisani, kwenye daladala na hata kwenye vikao vya wazazi shuleni, nasikia watu wakilalamika kwamba Watanzania wa leo hawasomi. Mimi naona wanasoma kutwa. Hapa Mpunguzi, nje kidogo ya Jiji la Dodoma, kijana anaamka na simu na kulala nayo, na muda wote huo macho yake yako kwenye maandishi: vichwa vya habari, matokeo ya mpira, maoni ya watu asiowajua. Kinachonisumbua ni mwendo wa usomaji huo. Tumezoea kusoma kwa haraka, na haraka hiyo tumeihamishia kwenye mambo ambayo hayaitaki.

Nitatoa mfano wa zabibu, maana ndizo zinazotusomeshea watoto. Mkulima wa huku anapambana na magonjwa mawili ambayo majina yake yamekaribiana: ubwiri unga na ubwiri vinyoya. Ubwiri unga hausubiri mvua ili usambae, na salfa inauzuia. Ubwiri vinyoya huja na unyevu, majani yakikaa yamelowa, na huo salfa haiuwezi. Unahitaji dawa za aina nyingine, zikiwemo zenye shaba. Salfa hiyohiyo ukiipiga jua likiwa kali inaunguza majani. Halafu kuna siku za kusubiri kati ya kupiga dawa na kuvuna, ambazo zimeandikwa kwenye kibandiko kwa ajili ya usalama wa mlaji. Maelezo yote haya yanatosha kurasa mbili tatu. Msimu uliopita kwenye kundi letu la WhatsApp yalifika yakiwa mstari mmoja: jina la dawa, vifuniko vingapi kwa bomba moja, na maneno "inamaliza ukungu wote". Watu wakapiga. Wapo waliopoteza mashada kwa ugonjwa ambao dawa ile haikuwa yake.

Mmoja wao ni jirani yangu, mtu makini aliyemaliza kidato cha nne. Chini ya ujumbe ule kulikuwa na kiungo cha mwongozo kamili, naye hakukifungua, kwa sababu kifurushi alichonunua ni cha mitandao ya kijamii tu. Kiungo kilitaka bando la kawaida, na bando la kawaida ni hela nyingine. Naomba wasomaji wako walitazame jambo hili kwa makini. Mtu wa kipato cha chini anauziwa kwa bei nafuu kichwa cha habari na ubishi unaokifuata, lakini habari yenyewe iko nyuma ya mlango wa bei nyingine. Na hata akilipa, anauziwa kwa saa: bando la siku moja, bando la usiku, bando linalokwisha kesho saa nne asubuhi. Nani atatulia na kurasa kumi huku anahesabu muda?

Haraka hii imepimwa. Mwaka 2018 watafiti wa Hispania na Israeli walikusanya tafiti 54 zilizofanyika kati ya mwaka 2000 na 2017, zenye washiriki zaidi ya 170,000, wakalinganisha walivyoelewa waliosoma kwenye karatasi na waliosoma kwenye skrini. Kwa hadithi, tofauti haikuonekana. Kwa maandiko ya maarifa, wa karatasi walielewa zaidi, na pengo lilipanuka pale msomaji alipowekewa muda wa kumaliza. Hali hiyo ya kuwekewa muda ndiyo hali ya kila siku ya mtu wa bando. Isitoshe, kurasa zenyewe zimetengenezwa zisiishe. Mmarekani Aza Raskin ndiye aliyebuni mwaka 2006 ule utaratibu wa kutelezesha kidole bila kufika mwisho, na baadaye amesema hadharani kwamba anaujutia. Kitabu kina mwisho wa sura, na pale mwisho wa sura ndipo msomaji hunyanyua kichwa akajiuliza kama anakubaliana na alichosoma.

Sisi wa elimu ya watu wazima tuliwahi kuona usomaji wa namna nyingine. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, ikashirikisha watu wapatao milioni mbili nchi nzima. Nilikuwa kijana nikisaidia kikundi kimoja. Tulikaa chini ya mti, tukasikiliza kipindi cha redio, kisha anayejua kusoma akasoma kijitabu kwa sauti: malaria, kuhara, kichocho, minyoo. Kusoma kukiisha, mjadala ulianza. Wazee walihoji, kina mama waliuliza maji yatachemshwa kwa kuni zipi, na msomaji alirudishwa kwenye ukurasa uleule mpaka watu waridhike. Asingeweza kuruka aya, kwa sababu waliokuwa wakisikiliza walimdai maelezo. Tukishakubaliana, tulikwenda kuchimba vyoo. Wengi wa waliokaa pale hawakujua hata kuandika majina yao, lakini jambo walilifikiri hadi mwisho.

Sitaki intaneti iondoke. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao, na mjukuu wangu anavisoma bila kusubiri zamu ya kitabu kimoja kwa wanafunzi watano. Hiyo ni neema na nashukuru.

Ninachoomba kinawezekana. Wanaouza vifurushi vya mitandao ya kijamii waziingize humo tovuti za elimu, za kilimo na za serikali, ili kiungo kikibofywa kifunguke. Ofisi za vijiji na mitaa, zikipokea mwongozo au tangazo refu kwa simu, zilichapishe walau nakala chache na kulisoma lote mkutanoni, liwe la viwanja au la chanjo ya ng'ombe. Maafisa ugani wasiishie kurusha picha kwenye makundi. Waje na karatasi na wakae na wakulima.

Nawe Mhariri, nakuomba ukurasa mmoja. Chapisha mwongozo wa magonjwa ya zabibu ukiwa mzima, bila kuufupisha, kwa maandishi ambayo wazee tutayaona, na uutoe kabla hatujaanza kupogoa. Mpunguzi kikundi cha kuusoma nitakiitisha mimi, Jumapili baada ya ibada, na jirani yangu ameshakubali kuwa msomaji.

Mwalimu mstaafu wa elimu ya watu wazima,
Mpunguzi, Dodoma